Lilivyo, Likishatengenezwa au kwa Vipande: Kuuza 4x4 ya Zamani Nakuru, Kisumu na Magharibi

Chukua gari kama Prado ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 1KZ. Asubuhi starta inazungushwa mara tatu nne kabla halijawaka. Likiwaka, linatoa moshi mweupe. Taa ya 4WD inamweka kwenye dashibodi bila kutulia, na gurudumu moja la nyuma limelowa oili upande wa ndani wa rimu. Mwenyewe anataka kuliuza. Anaweza kuliuza lilivyo, kulitengeneza kwanza, au kulichinja auze spea moja moja.

Kwa magari mengi ya aina hii, njia inayolipa iko kati ya ya kwanza na ya pili. Maliza hitilafu ndogo zinazofanana na kubwa. Ile kubwa iache, lakini uwe na ushahidi wa ukubwa wake, kisha umuuzie mtu atakayelitumia mwenyewe. Kulichinja ni njia ya mwisho, ingawa kuna magari ambayo hayana njia nyingine.

Jambo moja linasaidia muuzaji. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ, Hilux za zamani, Pajero za 4M40 na Land Rover za 300Tdi zilizopo nchini ndizo hizo hizo, na mteja anayetaka gari linaloweza kutengenezwa na fundi wa Molo au Webuye hana pa kuagiza jingine la umri huo.

Kwanza ujue linaumwa nini

Bei ya gari bovu huangushwa na shaka kuliko ubovu wenyewe. Mnunuzi akiona moshi mweupe anahesabu injini nzima, hata kama tatizo ni hita plagi mbili, yaani vile vijiti vya umeme vinavyopasha injini ya dizeli moto kabla haijawaka. Ndiyo maana nusu siku ya uchunguzi inafaa kutangulia uamuzi wowote.

Anza na moshi huo. Injini ya 1KZ ina hita plagi nne, zimeunganishwa juu kwa ukanda mmoja wa chuma. Ondoa ukanda, chukua mita, pima ukinzani kati ya kichwa cha kila plagi na bodi ya injini. Plagi nzima husoma chini ya omu mbili, iliyokufa haisomi chochote. Mbili zikifa, injini itatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika moja au mbili kisha itulie. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Molo iko juu zaidi, hivyo baridi ya asubuhi hulifichua tatizo hili mara moja. Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi na yenye joto, gari hilo hilo linaweza kuwaka bila shida mwaka mzima. Plagi ni kazi ya asubuhi moja, na zikibadilishwa zote nne mnunuzi hana tena la kusema kuhusu kuwaka.

Moshi usipoisha, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, basi shaka inahamia kwenye silinda hedi, kile kipande kinachofunika injini kwa juu. Hedi ya 1KZ ni ya alumini na hupasuka likichemka, hasa pale rejeta imeziba au kiungo cha feni chenye mafuta mazito ndani yake kimelegea hadi feni inazunguka bila nguvu. Jaribio la kwanza halihitaji chombo. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua boneti, washa, kisha ushike paipu ya juu ya rejeta. Maji bado ni baridi, kwa hiyo paipu inapaswa kuwa laini, uweze kuibonyeza kwa vidole viwili. Ikiwa ndani ya dakika moja au mbili imekuwa ngumu kama tairi ilhali bado ni baridi, hewa ya mwako inaingia kwenye maji. Gasketi imeungua au hedi imepasuka. Uthibitisho ni dawa ya bluu inayowekwa kwenye chombo kidogo juu ya mdomo wa rejeta: hewa ya mwako huigeuza kuwa kijani au njano. Omba fundi afanye jaribio hilo, upige picha ya rangi, uandikiwe karatasi.

Kuna na jaribio la barabara ambalo wanunuzi wa ukanda huu wanalijua vizuri. Kutoka Nakuru kupanda Mau Summit, au kutoka Kisumu kupanda Kericho, gari lenye mfumo mbovu wa kupoza litachemka hata kama mjini lilikuwa shwari. Usimwache mnunuzi awe wa kwanza kuligundua hilo.

Taa ya 4WD inayomweka huogopesha kupita kiasi. Kwenye Pajero za miaka ya 1990 zenye Super Select, mfumo wa 4WD wa Mitsubishi, na kwenye baadhi ya Prado, ekseli ya mbele huunganishwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye vipaipu vyembamba vya mpira. Vipaipu vikikauka na kupasuka, au vali ndogo za umeme zinazovifungulia hewa zikikwama, kompyuta haipati ishara kwamba ekseli imeshika, na taa inaendelea kumweka. Gia boksi haina kosa. Fuata kipaipu kimoja kimoja kuanzia kwenye vali, badilisha kilichopasuka, na safisha viunganishi vya nyaya vilivyo juu ya boksi ya 4WD, maana tope la Mau hukaa pale. Ukijaribu, jaribu kwenye murram au majani. Gari ambalo 4WD yake haina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, likiendeshwa kwenye lami kavu na kukatwa kona litajikaza, na mnunuzi asiyejua atadhani limevunjika.

Kwenye Land Cruiser za ekseli nzima ya mbele, angalia ile mipira ya chuma nyuma ya magurudumu. Ukiona grisi iliyochanganyika na oili inatiririka, sili za ndani zimekwisha na oili ya difu inaosha grisi ya beringi. Usukani ukitikisika kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa, beringi za juu na za chini za mpira huo zimelegea. Ni kazi chafu ya siku moja au mbili, na seti ya sili na beringi za pande zote mbili hupatikana.

Mwisho ni chasisi. Lala chini ukiwa na nyundo ndogo, gonga kuanzia nyuma, karibu na tairi la akiba na juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hutoa sauti butu na kumwaga vumbi la kutu. Magari yaliyoishi Pwani yana hatari zaidi kuliko yaliyozaliwa Bonde la Ufa. Kwenye Toyota nyingi za aina hii nambari ya chasisi imegongwa upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Isugue kwa brashi laini hadi isomeke, na fundi wa kuchomelea asiiguse kamwe. Nambari isiyosomeka inaua mauzo hata kama injini ni mpya.

Kuuza lilivyo dhidi ya kutengeneza

Ukishajua hali, hesabu inawezekana. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, weka zako. Gari likiwa bovu na lisilojulikana linaitiwa 450,000. Ukitumia 50,000 kwa hita plagi, vipaipu vya hewa, sili ya ekseli inayolowesha gurudumu la nyuma na betri, linawaka, linajaribiwa, na linaitiwa 620,000 hata kama hedi bado ni mbovu na umesema hivyo. Ukiongeza 250,000 ya kufungua injini, linaitiwa 820,000. Hatua ya kwanza imekuachia 120,000 mkononi. Ya pili imekurudishia 200,000 kwa 250,000 uliyotoa, pamoja na wiki kadhaa za kungoja.

Mbona injini hailipi? Sababu ya kwanza ni kwamba injini iliyofunguliwa haitabiriki. Hedi ikitoka, huenda ukakuta haifai kuchomelewa. Ukinunua nyingine, bado kuna boliti, kusawazisha uso, na gasketi ambayo kwa 1KZ huchaguliwa unene kulingana na jinsi pistoni zinavyojitokeza juu ya bloku. Fundi asiyepima anaweka iliyopatikana dukani, na baada ya miezi miwili paipu ni ngumu tena. Kisha nozeli, kisha pampu. Sababu ya pili ni mnunuzi mwenyewe. Hawezi kuona ndani ya injini, na akiambiwa imefunguliwa juzi anajiuliza kwa nini inauzwa. Wengi wanapendelea kumpa fundi wao kazi hiyo, kwa bei yao, na wakiwa na imani naye.

Kwa hiyo ukitengeneza, tengeneza kwa kipimo kimoja: je, hitilafu hii inazuia gari kujaribiwa, au inalifanya lionekane baya kuliko lilivyo? Breki zinaingia hapa bila mjadala. Breki isiyoshika haimpi mtu nafasi ya kuonja gari, na ni hatari kumkabidhi mtu usukani. Betri iliyokufa pia. Mkanda wa taimingi ni kesi ya pekee, kwa sababu 1KZ, 1HZ na 300Tdi zote zinatumia mkanda, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Kama hakuna anayejua ulibadilishwa lini, mnunuzi mwenye akili anahesabu injini nzima kwenye hatari hiyo. Ukibadilisha mkanda pamoja na puli ya kukaza, na ukahifadhi risiti yenye tarehe na kilomita, umefuta shaka kubwa kwa pesa kidogo. Lakini kama hedi tayari imepasuka, usiguse mkanda, maana utafunguliwa tena hedi ikitoka.

Rangi usipige. Rangi mpya kwenye gari kuukuu humfanya mnunuzi atafute puti kwa sumaku. Lioshe tu, hata chini, kisha liendeshwe siku chache ili panapovuja paonekane wazi. Oili iliyofutwa asubuhi ya mauzo hujulikana. Matairi mapya nayo hayarudishi pesa yake, ila hakikisha yote manne yana ukubwa mmoja. Gari la 4WD ya kudumu lenye matairi ya vipimo tofauti huchosha difu ya katikati kila kilomita, na anayejua ataliona kabla ya kuwasha.

Aina ya gari hubadilisha uamuzi wote huu. Land Cruiser ya 1HZ isiyo na tabo (turbo) wala kompyuta ya maana uiuze hata ikiwa imesimama, maana wateja wapo na kila fundi anaijua. Trooper ya lita 3.0 yenye injini ya 4JX1 ni shida, kwa kuwa nozeli zake husukumwa kwa presha ya oili ya injini na mafundi wengi hawataki kuzigusa. Kuitengeneza ili uuze ni kutupa pesa. Discovery 3 iliyolala chini kwa sababu mikoba ya hewa inayoibeba badala ya springi imepasuka nayo haina mnunuzi wa kawaida mashinani. Hizo mbili ndizo zinazotupeleka kwenye njia ya tatu.

Kulichinja

Kwenye karatasi, vipande huzidi gari zima. Gia boksi, boksi ya 4WD, difu mbili, milango, taa, viti, dashibodi, rimu, na injini yenyewe kama bloku ni nzima. Gari ambalo hedi imepasuka lakini mengine ni mazima lina spea nyingi za kuuza, na wateja ni wenye magari kama hilo kuanzia Kitale hadi Kericho, pamoja na maduka ya spea zilizotumika.

Kinachosahaulika ni muda. Difu na gia boksi huondoka wiki za mwanzo. Milango na vioo hukaa miezi. Unahitaji uwanja wenye lango, mtu wa kufungua bila kuvunja, na uvumilivu wa simu za watu wanaotaka kioo kimoja cha pembeni. Mwishoni unabaki na ganda. Hilo huenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, na chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 mnunuzi huyo anapaswa kuwa na leseni. Muulize, na uandikiane naye. Peleka ombi NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, usajili ufutwe kabla ganda halijaondoka. Namba pleti zako usiziache zikizurura na logbuku (hati ya umiliki wa gari) ikiwa bado kwa jina lako, kwa sababu ndizo zinazotafutwa na wanaofufua magari ya wizi.

Chinja pale tu ambapo chasisi imelika kiasi cha kutochomeleka, au karatasi zake ni safi lakini hakuna fundi wa karibu anayeliweza. Karatasi zikiwa na utata, kuchinja hakuondoi utata. Huzidisha.

Nakuru au Kisumu, dalali au mwenyewe

Soko la Nakuru kwa 4x4 linashinda la Kisumu, kwa maoni yetu, kwa sababu ya wakulima. Viazi vya Mau Narok, Olenguruone na Molo hutoka shambani kwenye barabara zinazogeuka uji mvua ikianza, na anayenunua huko anaangalia nguvu, chasisi na 4WD, si rangi. Gari lenye mikwaruzo lakini lenye boksi nzima litamfaa. Kisumu ina wateja wake: njia za mashamba ya miwa Muhoroni na Chemelil, udongo mweusi wa Ahero unaonata hadi kwenye ngazi za mlango, na wateja wa Mlima Elgon wanaoshukia Bungoma. Lakini wengi Kisumu mjini wanataka gari la kuendea kazini, na hao hulinganisha Prado yako bovu na gari dogo linalotumia mafuta kidogo. Aliye Kisumu na gari lenye 4WD nzima afikirie kulipeleka Nakuru, mradi lisiende kwa kujaribu bahati kwenye mlima wa Kericho likiwa na hedi ya kutiliwa shaka. Libebe juu ya lori, au mlete mnunuzi alipo.

Msimu nao una bei. Mvua ndefu huanza Machi. Wanaohitaji 4x4 huanza kuuliza Februari, na wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu huwa wameuza mavuno. Januari kuna karo, simu hupungua.

Dalali atakuuliza unataka ngapi mkononi. Chochote atakachopata juu ya hapo ni chake, kwa hiyo bei anayomtajia mnunuzi huijui. Faida yake ni kwamba ana watu tayari na atalitembeza. Hasara ni kwamba kwa gari bovu anaongeza juu ya bei ambayo tayari ni ya chini, wateja wanalikimbia, nalo linaanza kujulikana kama gari lililokaa sana. Ukimtumia, mpe wiki mbili, mtaje bei ya juu kabisa anayoruhusiwa kuitangaza, na usimwachie logbuku. Yadi ya magari haitalipokea gari lenye moshi, au italipokea kwa bei ya kutupa.

Kuuza mwenyewe, kupitia tovuti ya matangazo ya Jiji, Facebook au makundi ya WhatsApp ya wenye aina hiyo ya gari, huleta bei bora kwa gari ambalo hitilafu zake zimeandikwa. Weka ubovu kwenye mstari wa kwanza: "Hedi imepasuka, imepimwa, karatasi ya fundi ipo. 4WD inashika, chasisi haina kutu." Weka video ya kuwasha injini ikiwa baridi, bila kukata, pamoja na picha za chini. Watu kumi watapiga badala ya mia, na kati ya hao kumi kuna fundi au mkulima mwenye fundi. Hao ndio wanunuzi.

Karatasi zinazoangusha bei kuliko hedi

Kama injini iliwahi kubadilishwa, kama ilivyo kwa Land Rover nyingi zilizowekewa injini za Kijapani, nambari iliyo kwenye bloku lazima ilingane na ya rekodi za NTSA. Isipolingana, omba mabadiliko ya maelezo ya gari kabla ya kutangaza. Gari lililonunuliwa kwa mkopo wa benki au Sacco huwa lina majina mawili, na la mkopeshaji linapaswa kuondolewa kwanza. Gari la marehemu ndilo gumu kuliko yote, na huku magharibi ni mengi, yameegeshwa uani tangu mzee aondoke. Bila hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, hakuna mwanafamilia anayeweza kulihamisha, hata kama ndugu wote wamekubaliana kwa mdomo.

Uhamisho wenyewe hufanyika mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake, na ada hupanda kulingana na ukubwa wa injini, hivyo kubalianeni mapema nani analipa. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Usikubali ombi la "nitahamisha nikishalitengeneza". Likigonga mtu Njoro wiki ijayo, wa kuitwa ni wewe.

Kwenye mkataba andikeni nambari ya chasisi na ya injini, kilomita, hitilafu zote zinazojulikana, maneno kwamba linauzwa lilivyo, na tarehe pamoja na saa ya kukabidhi. Saa ina maana, kwa sababu makosa ya barabarani ya asubuhi ni yako na ya jioni ni yake. Malipo yapitie benki, mkiwa wote kaunta. M-Pesa hupitisha hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo ikitumika vunjeni malipo, na uangalie salio lako mwenyewe badala ya kusoma ujumbe ulioletwa kwenye simu ya mwenzako.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima hata kwa kuonja gari barabarani, hivyo lipia ya mwezi mmoja kipindi cha kuuza. Bima hiyo ni yako, haimfuati mnunuzi. Siku ya kukabidhi, toa stika yako kwenye kioo, na yeye aje na yake kabla hajageuza funguo.